Kichanga na Baba Yake

3 Februari

Dada mpenzi,

Shuleni tulifundishwa kufungua barua kwa salamu nyingi kama mchanga. Sasa mchanga nalala nao, nakula nao, nautoa masikioni kila jioni, na nakuhakikishia ni mwingi mno, hakuna binadamu anayestahili salamu zote hizo. Pokea za kujaza ndoo moja. Shemeji mpe za kikombe, asije akalewa.

Nimetoka chuoni moja kwa moja hadi huku kazini, najua umenuna kwamba sikupitia nyumbani. Mwaka na nusu sijakanyaga hapo. Nisamehe, waliniambia nianze mara moja au nafasi wampe mwingine.

Kiwanda hiki kinatengeneza chupa. Chupa ni mchanga ulioyeyushwa, na mchanga wenyewe unaletwa na malori ukiwa umelowa chapachapa, kwa hiyo lazima ukauke kabla haujaingia tanurini. Hapo ndipo wanaponihitaji. Nikueleze vizuri maana wewe usipoelewa kitu hulali na shemeji halali. Chukua bomba la kioo, upana wake ngumi yako inaingia kwa shida, urefu wake unanipita mimi. Chini yake kuna sahani ya chuma yenye matundu madogo madogo. Juu ya sahani unamwaga mchanga, na kutoka chini unapuliza hewa ya moto. Mwanzo mchanga umelala tu. Ukiongeza hewa unajinyanyua, unalegea, halafu unachemka kama maji ya chai, na viputo vinapanda ndani yake kimoja baada ya kingine. Mchanga, dada! Ukitia msumari unazama. Siku ya kwanza nilisimama pale mdomo wazi mpaka nikaingiwa na vumbi.

Fundi wa kuchomelea huku tunamwita Cheche. Yeye ndiye aliyelipa bomba hilo jina la Kichanga, kwa kuwa ni dogo na limejaa mchanga, na mimi ananiita Mama Kichanga. Nimekubali yaishe. Kichanga anakausha vizuri ajabu, na Meneja alipoona hivyo akaagiza tangi la chuma, pana kiasi kwamba watu watano wakishikana mikono hawalizunguki. Hilo Cheche kalibatiza Baba Kichanga.

Sasa sikia. Baba Kichanga asipofanya kazi mpaka mwisho wa Juni, Meneja anamkata kuwa vyuma chakavu, na mimi narudi kwako na sanduku langu kichwani. Nimeajiriwa kwa ajili ya tangi hilo tu.

Simu huku hazishiki, kwa hiyo barua nampa Breki, dereva wa lori la chupa anayepita hapo kwenu.

Ndimi mdogo wako mwenye mashavu yaleyale,
Pulizo


20 Februari

Dada mpenzi,

Najua barua yangu ya kwanza umeshaisoma na umeshamsomea shemeji, kwa hiyo sirudii.

Kichanga hajambo, ila ana kwikwi. Nikimpulizia kidogo tu kuzidi kawaida anajaa upepo, anapanda juu mzima mzima, halafu anashuka pwaa. Mchana kutwa. Nimehangaika naye wiki nzima, nampunguzia, namwongezea, namtikisa, wapi. Cheche anasema nimwache atazoea. Lakini siwezi kumlaumu, maana kazi yake anaifanya, na mimi nampenda hivyohivyo.

Anayenitia uchungu ni Baba Kichanga. Mpana, mzito, umbo la kujivunia, kila apitaye anageuka kumtazama. Kazi hakuna! Anakula kuliko kiwanda kizima na jioni alichofanya hakionekani. Katikati anafoka, pembeni amelala. Nimempa kila anachotaka kwa kipimo kilekile ninachompa Kichanga, nikazidisha kwa ukubwa wake, na bado ni bure. Meneja juzi alimtazama, akanitazama mimi, akasema ikifika mwisho wa Juni hataki kumwona tena hapa. Nimemjibu simwachi. Nilikuja huku kwa ajili yake.

Niombee. Shemeji msalimie.

Pulizo wako


1 Machi

Pulizo,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, mara ya tatu nikampa shemeji yako aisome kwa sauti, maana nilidhani macho yangu yameharibika kwa kutunga sindano. Hiyo barua ya kwanza unayoitaja sijaiona.

Mtoto, Pulizo? Una mtoto, na mimi napata habari zake akiwa tayari na kwikwi? Mimi niliyekuosha, niliyekusuka, niliyekupiga kofi moja tu maishani na nikalia kuliko wewe? Mwaka na nusu unaniandikia mitihani imekwenda vizuri, mvua imenyesha, kumbe!

Haya. Nimeshalia, nimenawa uso. Mtoto hana kosa. Sikiliza: kwikwi si ugonjwa. Mshike wima, mpapase mgongo taratibu. Na komesha hiyo tabia ya kumpulizia! Nani kakufundisha kumpulizia mtoto upepo? Wewe tangu mdogo hukuona kitu bila kukipuliza, chai, vumbi, chaki yangu ya kuchorea nguo, sasa umefikia binadamu. Na kumtikisa ni kosa kubwa, usirudie.

Kuhusu huyo baba yake. Wanaume wapana wazuri wa kutazama nimewashonea suruali miaka mingi, nawajua. Anakula, anafoka, analala, na wewe unampa kila anachotaka! Huyo Meneja ana akili kukuzidi. Mwache aende zake.

Nakutumia nguo na Breki. Usiulize nimezishona lini. Kofia peke yake ndiyo mpya, ile ya zamani niliikata kijinga, nilichukua vipimo vya mtu mzima nikavigawa sawasawa, ikakataa kupita. Kichanga si mtu mzima aliyepunguzwa, Pulizo. Kichwa chake ni kikubwa, shingo hana, mikono imesimama juu. Ana vipimo vyake. Nguo zote zinatosha miezi mitatu ya mwanzo.

Rudi nyumbani na mwanao. Chumba ni kimoja na sebule, cherehani nimeisogeza dirishani kwa sababu siku hizi harufu ya mafuta yake inanichefua, lakini tutabanana. Shemeji yako kutwa yuko uani anapiga randa, ukimuuliza anatengeneza nini anajifanya hasikii.

Umeniumiza. Njoo.

Dada yako


10 Machi

Dada, dada, dada,

Nilicheka mpaka Cheche akaja mbio na ndoo ya maji akidhani nimeungua. Sina mtoto! Kichanga ni bomba. Bomba la kioo, limejaa mchanga, ndiyo maana likaitwa hivyo. Baba yake ni tangi la chuma. Yote niliyaeleza katika barua ya kwanza, ambayo Breki ameila au ameifungia vitumbua. Kwikwi ni pale kiputo kimoja kinapokua mpaka kinaziba bomba kutoka ukuta huu hadi ule, mchanga wote ulio juu yake unanyanyuliwa mzima mzima kama mtu amebebwa mabegani, halafu kiputo kinapasuka na mchanga unaanguka. Nimemsomea Cheche ushauri wako wa kumpapasa mgongo. Amelipapasa bomba. Halikupona.

Halafu nikafungua kifurushi, nikaacha kucheka.

Nguo hizi nazijua, dada. Hii ya manjano yenye nukta nyeupe ni pazia letu la zamani. Ni zile za sandukuni. Mara ya kwanza mimba ilipoharibika nilikuwa darasa la saba, mara ya pili nilikuwa kidato cha pili, na mara zote mbili uliikunja hii ya manjano ya mwisho, ukafunga sanduku, ukaenda kushona nguo za watu. Umezitoa zote ukanipa mimi, kwa mtoto asiyekuwepo, tena ukiwa na hasira. Sijui nizirudishe au nikae nazo. Nikizirudisha naogopa kukutonesha, nikikaa nazo najiona mwizi. Niambie wewe. Kwa sasa ziko juu ya kabati, mbali na vumbi.

Na lile neno lako la vipimo limenikaa. Mimi nimefanya kosa la ile kofia yako, kinyume chake. Nilichukua vipimo vya Kichanga nikavizidisha kwa ukubwa wa baba yake: hewa, moto, kina cha mchanga, kila kitu sawasawa. Profesa alitugusia darasani kwamba viputo havijali hesabu ya namna hiyo, nikaandika, nikapata alama, nikasahau. Sasa nataka kuona kwa macho. Cheche ananitengenezea bomba pana kidogo, na baada ya hapo pipa la mafuta tutakalolikata dirisha na kulitia kioo. Mchanga mmoja, hewa ileile, vyombo tofauti. Nione upana unavifanya nini viputo.

Usininunie. Mimi ndiye niliyekosea, si wewe.

Pulizo, asiye mama wa mtu


18 Machi

Wewe mtoto,

Breki kaja leo na barua yako ya kwanza. Ilikuwa chini ya kiti chake, ina alama ya buti na harufu ya dizeli. Nimemwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika, shemeji yako akamletea chai kumpoza. Nimeisoma yote. Kwa hiyo nimelia siku mbili kwa ajili ya bomba. Majirani wameshanipa hongera ya kupata mpwa, na mama wa duka la mkabala kaleta sabuni. Nitawaambia nini? Nimeamua kunyamaza, watasahau.

Nguo usirudishe. Kaa nazo kwanza. Nilipozitoa sandukuni nilipata nafuu, usinirudishie uzito. Ukweli ni huo.

Huyo Baba Kichanga wako mimi bado simpendi. Lakini sasa naelewa kwa nini humwachi, na nimefurahi kwamba anayekusumbua ni chuma.

Nina ombi. Mwezi wa saba njoo nyumbani ukae nami kidogo. Omba ruhusa mapema. Sina jambo, nimekukumbuka tu.

Dada yako anayekupenda na bomba lako


2 Mei

Dada,

Barua zako tatu zimefika, zote zinaniita nyumbani. Nitakuja vipi mwezi wa saba? Kama mwezi wa saba nina nafasi ya kuja, maana yake nimefukuzwa.

Nikueleze nilichokiona, labda utanielewa. Kwenye Kichanga, kwikwi, unajua. Kwenye bomba pana kidogo, kwikwi zinapungua, viputo vinapita pembeni mwa mchanga bila kuubeba. Kwenye pipa la dirisha, hakuna kwikwi kabisa. Viputo vidogo vinaanza chini kila mahali, halafu vinavutana, vinaungana, vinakuwa vikubwa, vinakimbilia katikati na kupanda mbio. Kwa Baba Kichanga ndiyo usiseme. Nilipanda ngazi nikachungulia kwa juu: katikati panalipuka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni, pembeni mchanga unateremka polepole, umelowa, umesinzia. Bomba lake la kutolea hewa limekuwa moto hata huwezi kuweka kiganja. Hewa yote ya moto inapanda ndani ya tumbo la viputo vikubwa, inatoka nje, mchanga haujaigusa.

Kwa hiyo nimejua tatizo, dawa ndiyo sijui. Nimeongeza hewa, viputo vimekuwa vikubwa zaidi na vina mbio zaidi. Nimepunguza, mchanga umelala. Meneja ameshamwita mnunuzi wa vyuma chakavu. Alikuja na mkanda wa kupimia, akampima Baba Kichanga huku mimi nimesimama palepale.

Na wewe unaniambia njoo, njoo. Nikwambie kitu ambacho sijawahi kukwambia? Ile kwikwi ya Kichanga siyo tabia ya mchanga. Ni ukuta. Mchanga uleule ukiuweka mahali papana haufanyi vile. Na mimi nilikuwa hivyo hapo nyumbani. Chumba na sebule, cherehani, vitambaa, wewe huku, ukuta kule. Nilikuwa najaa, napanda juu mzima mzima, naanguka, mnasema Pulizo ana makelele, Pulizo hatulii. Sikuwa na makelele. Nilibanwa. Nimekuja huku nimepata nafasi ya kupumua na kila barua yako inanirudisha ndani ya bomba.

Najua ni maneno makali. Niache nimalize kazi yangu.

Pulizo


11 Mei

Pulizo,

Nimekusikia. Sitakuita tena.

Kula vizuri. Usipande ngazi ukiwa umevaa kandambili, nakujua.

Dada yako


20 Mei

Kwako shemeji,

Mimi si mwandishi, nakuandikia kwa penseli ya kuchorea mbao, utanisamehe. Dada yako hajui kama naandika. Amelala. Siku hizi analala mchana kwa amri ya daktari.

Nilichokuwa natengeneza uani ni kitanda cha mtoto. Sasa unajua.

Ni mwezi wa sita wa mimba. Mwezi wa sita hatujawahi kuufikia, mara zote mbili ziliishia kabla. Alikataa kumwambia mtu yeyote, hata wewe, anasema akitangaza ataharibu. Ile siku barua yako ya kwikwi ilipofika alikuwa na mimba changa, ana hofu mpaka hawezi kushona kifungo. Alipoamini kwamba wewe una mtoto alilia, halafu akafungua lile sanduku ambalo mimi siruhusiwi hata kulisogeza, akatoa kila kitu. Akaniambia, kama wa kwangu hakai, angalau hizi zivaliwe na damu yetu. Tangu siku ile amekuwa mwepesi. Ilipokuja kujulikana ni bomba alicheka mpaka nikaogopa kumletea madhara.

Ile barua yako ya mwisho ameiweka chini ya mto. Hajalalamika. Kaniuliza tu kama nyumba hii ni ndogo. Nimeipima, ni ndogo. Nimeanza kuvunja ukuta wa stoo ya mbao zangu niongeze chumba.

Sikwambii uje. Kazi yako ni kazi. Nimeona tu usiwe na hasira na mtu bila kujua yuko katika hali gani. Usimwambie nimekwambia, nitafukuzwa mimi.

Shemeji yako,
Seremala


27 Juni

Dada yangu,

Kaa chini. Weka mto mgongoni. Usiniulize kwa nini nasema uweke mto, weka tu.

Baba Kichanga anafanya kazi!

Wiki moja baada ya barua yako ile fupi nilikuwa sina hamu ya chakula wala kazi. Nilikaa mbele ya Kichanga, nikamwasha bila sababu, nikamtazama na kwikwi yake. Miezi yote nilimhesabu mgonjwa. Nilikuwa nataka nipate chombo kipana kama tangi na tabia njema kama yake, ila bila kwikwi. Ndipo nikajiuliza swali la kitoto: sasa kwa nini mgonjwa huyu anakausha na mzima yule hakaushi?

Nikatazama kiputo chake kimoja tangu kinazaliwa mpaka kinapasuka. Kilikuwa kinapanda polepole. Kinataka kukimbia, lakini ukuta uko huku na huku, kinajikwaruza nao, kinachelewa, na muda wote huo hewa yake ya moto inapenya mchangani. Kule kwa baba yake hakuna wa kukichelewesha. Kinakutana na wenzake, kinavimba, kinaondoka zake na kila kitu. Nilikuwa nimeulaumu ukuta bure, dada. Ukuta ndio uliokuwa unakausha mchanga.

Nikamwendea Cheche. Nikamwambia tumtie Baba Kichanga kuta. Tukaokota mabomba ya chuma yaliyotupwa nyuma ya stoo, tukayaning'iniza ndani ya tangi yakiwa wima, yameachana kiasi cha kupitisha ngumi mbili, kutoka juu mpaka karibu na sahani. Tangi ni pana vilevile, ila popote kiputo kitakapokwenda kuna bomba karibu. Hakipati nafasi ya kuvimba, hakipati njia ya kukimbia. Meneja alisema tumegeuza mali yake kuwa kamba ya kuanikia nguo. Nikamwomba atazame kwenye pipa la dirisha, kwanza bila mabomba, halafu tukayatia. Alitazama muda mrefu, akavua miwani akaifuta, akatazama tena. Akamwambia mnunuzi wa vyuma chakavu asije.

Jana tulimwasha. Nimepanda ngazi (viatu vya kamba, usijali) na juu kote kunachemka, katikati na pembeni, viputo vidogo vidogo kama maji ya chai. Kwikwi hana, maana ni mpana. Mchanga uliotoka ulikuwa mkavu mpaka unateleza vidoleni. Cheche alijimwagia kichwani. Mimi nilijificha nyuma ya tangi nikalia, na mtu niliyemtaka pale ni wewe.

Nilikuandikia kwamba nyumba ile ilinibana. Ilinibana kweli, sifuti. Lakini nilisema nusu. Mimi nilikuwa mtoto wa kukimbia na kila kitu tumboni, na kila nilipotaka kukimbia nilikukuta wewe umesimama pale na chaki mkononi, Pulizo maliza hesabu, Pulizo rudi ukae. Bila wewe ningepaa zamani na nisingegusa kitu. Nisamehe ile barua. Itoe hapo ilipo, uichome.

Ruhusa nimepewa. Nakuja Jumamosi na lori la Breki, nitakaa kiti cha mbele nihakikishe hakuna barua chini yake. Nakuletea zile nguo mwenyewe, kwa mkono wangu. Baba Kichanga hazimwenei. Usiniulize kwa nini nazirudisha, na mimi nikifika mlangoni sitakuuliza kitu, nitakukumbatia kwa pembeni.

Mwambie shemeji aache nafasi kidogo katika hicho chumba kipya asichoniambia.

Pulizo wako


14 Agosti

Pulizo wangu,

Shemeji yako anasema niandike mistari miwili nipumzike, lakini anajua hawezi kunizuia.

Kichanga amefika. Wa kweli, si wa kioo. Ni msichana, ana mashavu yako, Mungu amsaidie. Tumempeleka kwenye kile kitanda ulichokisugua msasa wiki nzima mwezi uliopita huku ukijifanya hujui ni cha nini. Nguo ya manjano imemkaa. Kofia imepita kichwani bila shida. Nilikaa nikamtazama katika lile pazia letu mpaka chai ikapoa, na kwa mara ya kwanza sikuogopa kulitazama sanduku likiwa wazi.

Mama wa duka la mkabala amenikumbusha kwamba sabuni ya hongera alishatoa mwezi wa tatu, harudii.

Sasa nakuuliza wewe mtaalamu. Ana kwikwi. Mchana kutwa. Anajaa upepo, ananyanyuka mzima mzima, halafu anashuka pwaa, kama ulivyoniandikia. Nimemshika wima, nimempapasa mgongo, wapi. Shemeji yako akachukua barua yako ya Juni akaisoma upya kwa sauti, kidole kwenye mstari, akaniuliza tumpunguzie hewa au tumsogezee ukuta.

Nikasema tumsogezee ukuta. Nimemlaza kifuani kwangu, nikamzungushia mikono yote miwili, akatulia.

Dada yako,
Mama Kichanga